Shimo Lako, Nani Atalifunika?



Leo nina swali gumu kidogo: je, mtu atakayeishi miaka elfu kumi ijayo anatudai chochote? Hatujui jina lake, wala hata lugha atakayozungumza.

Kuna mahali ambapo watu wanalijibu swali hili kwa mikono. Kuanzia mwaka 2000, karibu na kijiji cha Bure, mashariki mwa Ufaransa, wahandisi walichimba mashimo ya wima kama ya mgodi mpaka kina cha mita 490 hivi. Hawakutafuta dhahabu. Ufaransa hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka nyuklia, na taka zake kali zaidi hubaki hatari kwa mamia ya maelfu ya miaka. Wazo ni kuzizika ndani ya mwamba wa udongo wa mfinyanzi wenye umri wa miaka milioni 160 hivi. Ila kwanza wajue: mwamba huo utazishika kweli?

Kwa hiyo kule chini ni maabara tu, hakuna taka inayoruhusiwa kuwekwa humo. Wanapima maji yanavyopenya, joto linavyosambaa, kuta zinavyosogea polepole. Na hapo kuna jambo la kutafakari: shimo linalochimbwa ili kuupima mwamba lenyewe huujeruhi, likaacha nyufa pembeni. Basi anayechimba lazima ajue na kuziba. Ndiyo maana wanajaribu pia vizibo vya udongo unaovimba ukilowa maji.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria ya mashimo: mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mchimbaji atalipa. Sheria haiulizi kama alikusudia. Haiulizi kama anamfahamu mwenye punda. Inauliza tu shimo ni la nani.

Sasa ugumu uko hapa. Kwa taka za nyuklia, atakayetumbukia atakuta mchimbaji alishakufa zamani. Hakuna wa kushtakiwa. Mwingine atasema, "Si watakuwa na akili kuliko sisi? Watajua wenyewe." Huenda. Lakini kumtwisha mtu mzigo bila kumuuliza, eti huenda atakuwa na nguvu, ni kumwonea. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliliweka suala la vizazi vijavyo upande wa haki, si upande wa hisani. Maana yake wanatudai, hata kama hawana mdomo wa kudai.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2006 inataka hifadhi ya namna hii, ikijengwa, iwezekane kufunguliwa tena kwa angalau miaka 100, ili wajukuu wakipata njia bora waitumie. Hapo naona hekima: unamlinda mjukuu, lakini humnyang'anyi uamuzi.

Ila tusimpende mtu wa mbali tukamsahau wa karibu. Wapo wakazi wa eneo hilo wanaoupinga mradi, nao wana haki ya kusikilizwa. Mwaka 2016 mfanyakazi mmoja alifariki kule chini mwamba ulipoporomoka. Naye ni jirani.

Wewe na mimi hatuchimbi mita 490, lakini mashimo tunayo. Viongozi wa kikundi wanamaliza muda wao na kuwaachia wenzao deni la ukumbi. Tunatupa taka mtoni, walio chini ndio wanaoteka maji. Tunajua fika tutakuwa tumeshaondoka mtu atakapotumbukia. Na hapo ndipo dhamiri inapojulikana, kwa sababu hakuna atakayetuona wala kutushukuru.

Swali la wiki: ni shimo gani nimelichimba, na bado niko hai kulifunika?

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyetupenda kabla hatujazaliwa, utufundishe kuwapenda hivyo wale ambao hatutawaona. Amina.