Ni Nani Mwenye Kijiji?



Mara kwa mara wanafunzi ninaowafundisha huku ng'ambo huniuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la dini: Kijiji kikiwa maskini, ni nani mwenye wajibu wa kukiinua? Ni Serikali? Ni wafadhili? Ama ni wenyeji wenyewe? Lakini ndani ya swali hilo limo jingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: Je, wema anaofanyiwa mtu pasipo shauri lake ni wema kamili? Yafaa tulichunguze jambo hili kwa utulivu, maana wengi wamepata kuumizwa na watu waliowatakia heri.

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni kwamba mwanakijiji hajui. Husemwa kuwa hakusoma, kwa hiyo hana budi kuongozwa na wajuao. Wasemao hivyo na waende Ufipa, katika uwanda wa juu wenye mji wa Sumbawanga, ambamo imo Mazwi. Mji huo uko kadiri ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nchi inayouzunguka ina nyasi nyingi na miti michache. Jirani zao waishio katika misitu ya miombo walizoea kukata matawi na kuyachoma ili majivu yatie ardhi nguvu. Wafipa hawakuwa na miti ya kutosha kwa kazi hiyo. Basi wakatumia nyasi. Mvua zinapokaribia kwisha, udongo ungali laini, mkulima hupindua majani pamoja na udongo wake, akayafunika yakawa vilima vidogo viitwavyo intumba. Humo majani huoza na kuwa mbolea, na juu yake hupandwa maharage na mazao mengine. Mvua za msimu unaofuata zikija, vilima husambazwa na ulezi hupandwa. Maarifa haya hayakuletwa na bwana shamba yeyote. Na watu hao hao walijenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha chuma na kufua majembe yao, mpaka majembe ya kutoka ng'ambo yalipoiua kazi hiyo.

Hatusemi kwamba mwanakijiji anajua kila kitu. Hakuna mtu ajuaye kila kitu. Tunasema tu kwamba ajuaye udongo wake, mvua zake na jirani zake ana sehemu ya elimu ambayo mgeni hana, na shauri lililofanywa pasipo sehemu hiyo ni shauri pungufu.

Sasa tutazame mfano wa watu waliojaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Litowa karibu na Songea, vijana wa chama cha TANU walianza kulima na kuishi pamoja kwa hiari yao. Kiongozi wao mmoja alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na Mwingereza aitwaye Ralph Ibbott akawa mshauri wao. Vijiji vingine vilifuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanachama walikutana, wakajadiliana, wakaamua wenyewe walime nini na mapato yagawanywe vipi. Walikuwa na shule yao, ambamo watoto walijifunza huku wakishiriki kazi za kijiji, na walikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Kufikia mwaka 1969 vijiji vilivyoungana vilikuwa zaidi ya 15. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivutiwa na kazi yao, na katika Oktoba 1968 alitoa maandishi yake yaitwayo Uhuru na Maendeleo, akieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mwingine, bali hujiendeleza wenyewe.

Lakini katika Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho, na mali yake ikachukuliwa. Viongozi wengi hawakupendezwa kuona vijiji vinavyojiamulia mambo bila kungoja amri yao. Kisha, katika Novemba 1973, ilitolewa amri kwamba watu wote wa mashamba wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa, na wengi wao kwa nguvu. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati viwafikie wote. Wala hatukani kwamba shule zilijengwa na watoto wengi wakasoma. Lakini twajiuliza: kwa nini vijiji vilivyoanza kwa hiari vilivunjwa, na vile vya amri vikashindwa kulima kwa pamoja kama ilivyokusudiwa? Jibu ni kwamba kukaa karibu si sawa na kushirikiana. Nyumba zaweza kusogezwa kwa lori. Moyo hausogezwi hivyo.

Ewe uliyeikubali imani kwa hiari yako, au wewe ambaye ungali ukitafuta, jambo hili si geni kwako. Wajua kwamba mtu akipelekwa msikitini kwa fimbo hajasali, ingawa ameinama na kusujudu. Kwa sababu gani? Kwa sababu thamani ya tendo hutoka katika nia ya mtendaji, na nia hailazimishwi. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu, ambaye ni Mjuzi wa yote, amemwachia mwanadamu nafasi ya kuchagua, sembuse mwanadamu kwa mwanadamu mwenzake? Anayemfanyia jirani yake mema huku akimnyang'anya haki ya kuamua, ampa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mkono wa pili. Na alichochukua ni kikubwa kuliko alichotoa. Mali ikipotea yaweza kutafutwa tena. Mtu aliyezoea kuamuliwa huyaona hata matatizo yake mwenyewe kuwa kazi ya mwingine. Bomba la maji likipasuka mbele ya nyumba yake, husema, “La Serikali hilo,” akapita.

Hapo huja hoja ya pili, nayo ina nguvu. Wengine husema: Mkiwaachia wanakijiji, wakubwa wa kijiji watakula mali ya wadogo. Ni kweli hutokea, wala tusijidanganye. Udhalimu haukai mjini tu. Wenyeji hueleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Nami naona kwamba husuda na dhana mbaya ni uchawi wa aina yake. Mahali ambapo aliyefanikiwa hushukiwa, na aliyepata hasara humtafuta jirani wa kumlaumu, hakuna mfuko wa pamoja utakaodumu.

Lakini dawa yake si kuleta bwana mwingine kutoka mbali. Dawa ni uwazi. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza nchini Niger vikundi vya wanawake wa vijijini vya kuweka akiba na kukopeshana, na mtindo huo ukaenea katika Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika vikundi vingi vya namna hii fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Je, huku ni kutoaminiana? Hapana. Ni kuilinda amana, na kumlinda mshika ufunguo asiingie majaribuni wala asisingiziwe.

Mwislamu atauliza juu ya riba, na ana haki ya kuuliza, kwani vikundi vingi hukopesha kwa kutoza ziada. Jibu letu ni kwamba kikundi hutunga katiba yake chenyewe. Wanachama waweza kukubaliana kukopesha bila ziada yoyote, au kununua mahindi kwa ubia na kugawana faida na hasara. Hapo ndipo tunapoona faida ya kujiamulia: mwenye kutunga masharti aweza kuyasafisha, bali anayepokea masharti ya wengine hana budi kuyachukua au kukaa mikono mitupu.

Hoja ya tatu ni kwamba maneno haya yaipa Serikali udhuru wa kukaa kitako. La, hasha! Kijiji hakiwezi kujijengea barabara kuu. Kwa miaka mingi mkulima wa Ufipa alivuna mahindi mengi, lakini gharama ya kuyafikisha sokoni ikamla. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani chini ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008, na hakuna msaragambo ungaliweza kuifanya kazi ile. Mwananchi anayelipa kodi hadai sadaka anapodai barabara. Adai haki yake. Kujitegemea si kuacha kudai. Hakika, watu waliozoea kukutana na kuhesabu fedha zao wenyewe ndio wawezao pia kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi.

Basi, ndugu msomaji, ni nani mwenye kijiji? Mwenyezi Mungu ndiye Mmiliki wa vyote, nasi tumewekwa kuwa wadhamini tu. Lakini mdhamini ataulizwa, na hatajibu kwa kusema kwamba alingoja amri. Kwa hiyo nakuomba, katika mkutano ujao wa kijiji chako au mtaa wako, utazame mambo matatu. Kwanza, je, mjane na mtu asiye na shamba waliulizwa rai yao, au waliarifiwa tu? Pili, je, hesabu ilisomwa hadharani? Tatu, je, wewe mwenyewe ulisema lile ulilolijua, au ulinyamaza ukaenda kunung'unika njiani?

Mwenyezi Mungu atujalie ujasiri wa kusema na subira ya kusikiliza. Amin.