Msikiti Haujengwi Juu ya Haki ya Watu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia ardhi kuwa mahali pa kusujudia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, huku Kisauni, kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, Rais ataka kujenga kanisa Ikulu, penye ardhi ya watu wote. Basi sisi twazuiwa na nini kujenga msikiti pembeni mwa uwanja wa shule ya serikali, na watoto wengi wa shule ile ni Waislamu?" Waliokuwapo wengi walimuunga mkono. Nimeona ni wajibu wangu kumjibu kwa kalamu, kwani matofali yamekwisha kununuliwa, na siku ya kupima kiwanja mimi mwenyewe niliomba dua kabla ya kuuliza ni cha nani. Kosa hilo ni langu, nami naanza kwa kulikiri.

Kwanza tuieleze khabari ya Ikulu kama ilivyo. Mwezi wa Julai 2025 gazeti la Nation lilitoa khabari ya kanisa kubwa lililokusudiwa kujengwa katika Ikulu ya Nairobi, likataja gharama ya shilingi bilioni 1.2. Rais William Ruto hakukana. Alisema atalijenga kwa mali yake, wala hatamwomba mtu radhi. Watu wakashitaki, na mwezi wa Agosti Mahakama Kuu ikatoa amri ya kuusimamisha ujenzi kwa muda. Hoja kubwa ilikuwa kifungu cha 8 cha Katiba ya mwaka 2010, ambacho chakataza kuwapo kwa dini ya dola.

Sisi tulipoisikia khabari hiyo tulikasirika, na tulikuwa na haki. Ikulu si shamba la Rais. Ni amana aliyokabidhiwa, na kesho atamwachia mwingine. Mtu akijenga katika shamba la mwenziwe, shamba haliwi lake kwa kuwa saruji ni yake. Lakini, ndugu zangu, mizani hiyo tuliyompimia Rais ndiyo tutakayopimiwa sisi. Uwanja wa shule nao ni amana. Ni wa mtoto wa Kiislamu, na wa mtoto wa Kikristo anayeketi naye dawati moja, na wa mtoto atakayezaliwa kesho. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamie uadilifu hata kama ushahidi watupata sisi wenyewe.

Huenda mtu akasema: "Mbona Katiba ina Mahakama za Kadhi?" Naam, zimo katika kifungu cha 170, na asili yake ni ya zamani, kulindwa kwake kuliahidiwa katika mapatano ya Oktoba 1963, ukanda wa pwani ulipokuwa ukiingizwa katika Kenya huru. Kabla ya kura ya tarehe 4 Agosti 2010 viongozi wengi wa makanisa walizipinga, wakisema serikali yaipendelea dini moja. Jawabu letu lilikuwa kwamba Kadhi hamlazimishi asiyekuwa Mwislamu: ahukumu ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Jawabu hilo lilikuwa la haki. Leo tukitwaa kiwanja cha wote, tutakuwa tumelivunja kwa mikono yetu.

Tena mtu atauliza khabari ya hijabu. Katika shule moja ya umma huko Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist, wasichana wetu walidai kuvaa hijabu. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki mwaka 2016. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, wengi wa majaji wakiona kuwa dai halikuletwa kwa njia iliyo sawa. Dai hilo tusiliache. Lakini tutofautishe: hijabu ni vazi la msichana juu ya mwili wake, nalo halimpunguzii mwenziwe kitu. Jengo juu ya uwanja huchukua nafasi ya mwenziwe. La kwanza ni uhuru, la pili ni kutwaa.

Na sharia yetu iliyasema haya kabla ya Katiba yo yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina, kiwanja cha msikiti wake kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, naye akakataa ila kwa thamani. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Na wanazuoni wamejadili sala katika ardhi iliyoghusubiwa: kwetu sisi Mashafii yasihi, lakini kwa dhambi, na iliyo mashuhuri kwa Mahanbali ni kuwa haisihi kabisa. Ni nani kati yetu atakaye kuwasalisha watu mara tano kila siku mahali pa dhambi?

Wanahistoria wamesimulia kwamba Sayyidna Umar alipoingia Baitul-Muqaddas alikataa kusali ndani ya kanisa, akiogopa Waislamu watakaokuja wasije wakalitwaa kwa hoja ya kuwa Umar alisali humo. Alikuwa mwenye nguvu, na akajizuia.

Basi nashauri haya. Matofali yasilazwe kiwanjani. Tumwandikie mwalimu mkuu na halmashauri ya shule, tuombe chumba cha kusalia wakati wa Adhuhuri, nasi tukubali wengine wapewe kama tulivyopewa. Na pesa za mchango zitafutiwe kiwanja chenye hati na muuzaji anayejulikana, kisha kiwekwe wakfu kwa maandishi. Sisi watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe twajua uchungu wa kuishi juu ya ardhi isiyo na hati. Vipi tumuonjeshe mwingine uchungu huo kwa jina la Mola wetu?

Najua itasemwa kuwa Sheikh ameogopa serikali. Mwenyezi Mungu ajua ni nani niliyemwogopa. Atuoneshe haki kuwa ni haki, na atupe kuifuata. Amin.