Mstari Huu Ulikuwa wa Nani?

Kama umewahi kuhama nyumba Nairobi unajua kwamba kuhama hukulazimisha kuamua. Ule waya wa chaja ya simu usiyoikumbuka umekaa kwenye droo miaka mitatu bila kumkosea mtu. Siku ya kuhama, mwenye pikapu anapiga honi nje na lazima useme: unaenda au unabaki?

Programu za kompyuta nazo huhama. Mtu anachukua programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows na anataka ifanye kazi kwenye Linux, au ile ya kompyuta anataka iingie kwenye simu. Anachokutana nacho mapema kabisa ni mafaili ya maagizo ya kuijenga: tumia kompaila hii, kama mashine ni ya aina fulani pitia huku, kama ni ile nyingine ruka mistari hii sita. Mafaili haya mara nyingi hayana mwandishi mmoja. Ni kama ukuta wa nyumba ya ploti, kila mpangaji amepigilia msumari wake akaenda zake.

Hapo ndipo mtu husema: wacha tusafishe kwanza.

Kazi yenyewe sina shida nayo. Shida yangu ni neno. Ukishaita kitu uchafu, huulizi tena kililetwa na nani. Na mingi ya mistari hii isiyoeleweka ilikuwa ahadi kwa mtu fulani, mwenye mashine ya polepole au mfumo ambao umri umeupita. Sasa unapofuta mstari wa mtu ambaye hayupo kujitetea, una deni gani kwake?

Jibu la haraka ni kwamba usiguse usichokielewa. Kuna kisa kinacholiunga mkono, na kinatisha. Mwaka 2006, mtu aliyekuwa akitunza OpenSSL ndani ya mfumo wa Debian aliona chombo cha kukagua makosa kiitwacho Valgrind kikilalamika. OpenSSL, pamoja na kazi nyingine, hutengeneza funguo za siri zinazolinda mawasiliano ya intaneti. Malalamiko yalikuwa kwamba inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Enyewe ilionekana uchafu. Mstari uliolalamikiwa ulikuwa sehemu mbili, ukifanana kama mapacha. Jamaa akawauliza watu wa OpenSSL, hakukatazwa, akaondoa yote miwili. Mmoja haukuwa na uzito. Ule mwingine ndio uliokuwa ukiingiza mchanganyiko usiotabirika, unaofanya ufunguo wangu usifanane na wako.

Kuanzia hapo kitu pekee kilichobaki cha kutofautisha funguo za aina moja kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza kukimbia, na namba hizo hazikuzidi 32,768. Hebu fikiria mji mzima wenye makufuli, halafu fundi ana mitindo 32,768 tu ya funguo. Kwa mwizi wa miguu hiyo ni mingi. Kwa kompyuta ni kazi ya muda mfupi. Hali ilibaki hivyo hadi Mei 2008, Luciano Bello alipoigundua na kutangazwa kwamba funguo zilizotengenezwa kwenye Debian, na kwenye Ubuntu iliyotokana nayo, zitupwe zitengenezwe upya.

Kinachonisumbua ni kwamba jamaa aliuliza. Hakuwa mzembe wa kufagia tu. Ina maana hata "uliza kwanza" haitoshi, maana anayejibu naye huwa na haraka zake, na mistari miwili inayofanana humdanganya hata mwenye nyumba.

Basi tuache kila kitu mahali pake? Hapana. OpenSSL hiyo hiyo ina somo la upande wa pili. Aprili 2014 kulitangazwa kosa lililopewa jina la Heartbleed, lililomwezesha mtu wa nje kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva. Watu wa OpenBSD walipoufungua msimbo walikuta, kati ya mengine, OpenSSL ikiwa na utaratibu wake wa kugawa kumbukumbu. Sababu? Kwenye baadhi ya mashine ule wa kawaida ulikuwa unajikokota. Huo ulikuwa wema kwa wachache. Lakini wema huo ulikuwa umeachwa ukimhudumia kila mtu, na ulikuwa unazipita kando kinga ambazo OpenBSD ilikuwa imeziweka kunasa makosa ya aina hiyo hiyo. Wakaanzisha tawi lao, LibreSSL, na wiki ya kwanza tu wakaondoa zaidi ya mistari 90,000. VMS ikaenda, OS/2 ikaenda, Windows ya biti 16 ikaenda.

Na kona isiyosomwa huwa na wageni wake. Machi 2024 Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Kipande cha kuuamsha kilikuwa kimefichwa kwenye maagizo ya ujenzi, ndani ya furushi ambalo watu hupakua. Mwizi alijua mahali ambapo macho hayafiki.

Kwa hiyo kufuta ni lazima wakati mwingine, na sitamlaumu anayefuta. Ninachokataa ni kufuta bila kujua ni nani anabaki nje.

Hili si jambo la wazungu na seva zao peke yake. Kila programu ya Android ina namba iitwayo minSdkVersion, yaani toleo la chini kabisa la Android itakalolikubali. 16 ni Android 4.1. 21 ni Android 5.0. Kutoa 16 na kuandika 21 ni kazi ya kubonyeza mara mbili tatu, kisha unafurahia kufuta mafungu mazima ya "kama simu ni ya zamani, fanya hivi". Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zilizo chini ya Android 5.0. Ilitangaza mapema, na sababu zipo: simu hizo hazipati tena marekebisho ya usalama.

Lakini simu hapa kwetu hushuka ngazi. Wewe unanunua mpya, ya zamani anarithi mdogo wako, ikipasuka kioo inaenda ushago. Mwishoni kabisa mwa ngazi hiyo yuko mama fulani ambaye hajasikia habari ya 16 wala 21. Anachojua ni kwamba kikundi cha chama kimenyamaza. Kumbe hakijanyamaza, wenzake wanaendelea kuongea. Aliyebadilisha namba hiyo anaweza kuwa na haki kabisa. Ila akiandika kwenye maelezo ya kazi yake "usafi", mama huyo amehesabiwa pamoja na vumbi.

Desemba 2012 watu wa Linux waliondoa msaada kwa chipu ya 386, ile ile ambayo Linus Torvalds alianzia kazi mwaka 1991. Kwa miaka mingi ilikuwa ikiwatatiza kila walipobadilisha sehemu zinazohusu mashine zenye vichakato vingi. Ingo Molnar ndiye aliyetuma mabadiliko hayo. Alieleza faida, kisha akaandika pia kwamba kuna gharama: ile kompyuta yako ya 386 ya mwanzoni mwa 1991 haitaweza tena kuwasha Linux mpya. Baada ya sentensi hiyo aliweka neno moja, la mtu anayevuta kamasi baada ya kulia kidogo. Torvalds akayapokea mabadiliko.