Anayesikiliza, Je, Hasomi?

Ng'ambo ya maporomoko ya Rusumo, upande wa Rwanda, mtega kitendawili huita "Sakwe sakwe!" na wasikilizaji humjibu "Soma!" Kwa Kinyarwanda na Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, kitenzi gusoma kina kazi tatu: kusoma maandishi, kupiga funda la kinywaji na kubusu. Ajabu basi kwamba shuleni kusoma kumekuwa shughuli ya mtu mmoja, kimya, kaikodolea macho karatasi.

Swali la kama anayesikiliza husoma ni la wanafalsafa, ila katika wilaya za Ngara na Biharamulo hubisha hodi kila jioni. Mtoto wa darasa la pili akirudi na kitabu cha hadithi, na bibi yake hajui hata a, bibi ana nafasi gani katika kusoma kule? Jibu la haraka ni kwamba hana. Aambiwe anunue daftari na achangie chakula cha mchana, basi. Asipofika kikaoni, husemwa hana mwamko.

Dini mbili kubwa nchini zingesita kulipokea jibu hilo. Katika pango la Hira, kwa mapokeo ya Waislamu, amri ya kwanza ilikuwa kusoma, na aliyeamriwa, Mtume Muhammad, hakujua kusoma. Alipokea kwa sikio, akatoa kwa ulimi. Nayo Matendo ya Mitume, sura ya 8, ina towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma Isaya garini. Filipo alimsikia, maana watu wa kale walizoea kusoma kwa sauti, akamuuliza kama anayaelewa hayo. Herufi yule bwana alizijua zote. Alichokosa ni mtu wa kupanda gari akae naye, amfafanulie.

Bibi hana ufafanuzi wa Filipo, lakini swali la Filipo analo.

Tena analo kwa namna ambayo shule haiwezi kuiiga. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, ilhali nyumbani watoto wengi huanza na Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma. Bibi akiuliza, "Haya, na huyo sungura akafanyaje?" mtoto hawezi kumjibu kwa kuimba silabi. Itabidi ageuze lugha, na asiyeelewa hana cha kugeuza. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 ulidai ufahamu pamoja na kutambua herufi, lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika atamhoji nani na amwache nani? Bibi ana mjukuu mmoja na jioni nzima.

Wala mabibi si wageni wa kitabu kama wanavyodhaniwa. Mkoa wenye Ngara na Biharamulo, ulipoitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyopewa majaribio ya elimu ya watu wazima, kwa msaada wa UNDP na UNESCO, kuanzia 1968. Vitabu vya kujifunzia vilisimulia migomba, pamba na ng'ombe, mambo ambayo mwanafunzi aliyajua kuliko mwalimu wake. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 67; kufikia 1975 walikuwa 39. Huenda bibi anayesemwa hana mwamko alikaa kwenye madarasa yale, kisha akasahau kwa kukosa cha kusoma.

Cha kusoma siku hizi kipo, japo hakitoshi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umesaidia hadithi za Kiswahili zilizotungwa na Watanzania kufika shuleni. Tatizo ni kufuli. Katika shule nyingi maktaba ni kabati lililoko ofisini kwa mwalimu mkuu, na halifunguliwi ovyo, kwa sababu kitabu kikipotea ataulizwa mwalimu. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hata hivyo, kabati lililopangwa vizuri kwa ajili ya mkaguzi halijamsomea mtu hadithi.

Kitabu kikitoka Ijumaa, Jumatatu kitarudi na doa la ndizi. Daftari la kuazima lina safu ya jina la mtoto, ya tarehe, pengine na ya hali ya kitabu. Safu ya nani alisikiliza haimo, nayo huhitaji rula na kalamu tu.