Damu ya Bibi

Zamani bibi hakuulizwa uthibitisho wa ubibi wake. Baba aliweza kukana, na mama akasutwa, lakini bibi aliletewa mtoto, akamtazama masikio na vidole vya miguu, akasema huyu ni marehemu baba yangu amerudi, na neno likaishia hapo. Akiwa wa kiume alimwita mume wangu, akiwa wa kike alimwita mke mwenzangu. Siku hizi bibi huambiwa afungue kinywa, apitishwe kijiti cha pamba shavuni kwa ndani, kisha angoje barua ya maabara imwambie kama yeye ni bibi au si bibi.

Jambo hili hutokea zaidi baba anapokuwa amekufa. Katika mtaa wetu alikuwapo mama mmoja ambaye mwanawe, dereva wa malori ya kwenda Tunduma, alifariki kwa ajali. Siku ya arobaini akatokea mwanamke kutoka Makambako na mtoto wa kike wa miaka mitatu, akasema huyu ni wa marehemu. Marehemu alikuwa ameacha nyumba moja na kiwanja. Ndugu zake wawili, yaani baba wadogo wa mtoto, kama kweli ni wa kwao, wakasema hapana neno, siku hizi kuna DNA, mama atoe damu.

Maabara yaweza kusema nini hasa? Baba akiwa hai kipimo ni chepesi, kwa kuwa nusu ya vinasaba vya mtoto imetoka kwake. Baba akiwa kaburini hutafutwa wazazi wake, na hapo hesabu hulegea. Mjukuu huchukua kwa kila babu na kila bibi robo, nayo ni robo ya wastani. Mmoja hupata zaidi, nduguye pungufu. Kwa hiyo jibu huja kwa kiasi cha uwezekano, si kwa ndiyo ya kiapo. Lakini ziko njia za pembeni. Kromosomu Y hutoka kwa babu hadi kwa baba hadi kwa mjukuu wa kiume karibu bila kubadilika. Mtoto wa kike hupewa na baba yake kromosomu X moja, ambayo baba naye aliipata kwa mama yake. Basi bibi mzaa baba na mjukuu wake wa kike sharti wakutane hapo. Bibi mzaa mama ana mitokondria, ambazo mtoto hurithi kwa upande wa mama peke yake. Wanaobaki pagumu ni bibi mzaa baba na mjukuu wa kiume, ambao hawana njia ya pekee hata moja.

Ni vizuri kujua kipimo hiki kilipata nguvu wapi, kwa sababu hakikuanzia kwenye magomvi ya mirathi. Nchini Argentina jeshi lilitwaa serikali mwezi Machi 1976, likatawala hadi Desemba 1983. Maelfu ya watu walikamatwa wasionekane tena. Wanawake wajawazito waliachwa hai mpaka wajifungue, kisha wakauawa, na watoto wao wakagawiwa, wengine kwa familia za wanajeshi na polisi. Mwaka 1977 mama za wale waliopotea waliungana, wakajulikana kama Mabibi wa Plaza de Mayo, nao wakakadiria kwamba wajukuu walioibwa ni kama 500. Swali lao kwa wanasayansi lilikuwa moja tu: wazazi wote wawili hawapo, je, damu ya bibi inatosha? Mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alikwenda huko mwaka 1984 kuwasaidia, na mwaka huo huo mtoto wa kike wa miaka 8 alirudishwa kwa bibi yake kwa ushahidi wa damu. Mwaka 1987 ikatungwa sheria ya kuanzisha benki ya taifa ya vinasaba. Waliotambuliwa hadi sasa ni zaidi ya 130.

Wale mabibi waliulizia damu ili wafungue mlango. Hawa baba wadogo wa mtaani kwetu waliulizia damu ile ile ili waufunge. Najua mtu atasema ukweli ni ukweli, aulize nani, aulize kwa nini. Sikubali. Mwenye kuuliza akitumaini jibu la hapana amekwisha kumhukumu mtoto, na maabara anaitumia kama mpiga muhuri.

Hata huko Argentina, ambako uhalifu ulikuwa dhahiri, halikuwa jepesi. Wako waliokataa kutoa damu kwa kuogopa kuwatia gerezani watu waliowalea. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwanamke mmoja, mtu mzima, asilazimishwe. Mwaka 2009 sheria ikaruhusu hakimu achukue vinasaba kwenye vitu vya mtu, kama nywele au mswaki. Mimi nadhani mabibi walikuwa na haki ya kutafuta. Lakini siwezi kumlaumu kijana wa miaka 25 anayesema damu hii ni yangu.

Wenye kupiga kelele ya DNA matangani husahau neno jingine. Tangu babu hadi mjukuu kuna vizazi viwili, na kila kizazi kina kitanda chake. Akipimwa babu na mtoto, majibu yakaja kwamba hawahusiani, barua haitasema ni kitanda kipi. Huenda mtoto si wa marehemu. Huenda pia marehemu hakuwa wa baba yake. Wahenga waliposema kitanda hakizai haramu, wengine huona walikuwa wakificha uovu. Mimi naona walijua kwamba shuka moja ikivutwa, na ya jirani husogea. Na wale baba wadogo wakitoa damu yao walinganishwe na mtoto, nani amewahakikishia kwamba wao wenyewe watatokea ndugu wa baba mmoja na marehemu? Mtu mmoja tu katika nyumba ile ndiye angeweza kujua, naye ni yule yule mama waliyemtaka afungue kinywa.

Tena wengi hudhani barua ya maabara humaliza mirathi. Kwa wanaofuata sheria ya Kiislamu, mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba yake hata damu ikithibitika. Hupata kwa wasia usiozidi theluthi. Na Tanzania, tangu sheria ya vinasaba ya mwaka 2009, ombi la kipimo hupitia kwa mahakama, wakili, ofisa ustawi wa jamii na wengine waliotajwa. Si jambo la kuamuliwa jamvini.

Yule mama aliwasikiliza wanawe hadi mwisho. Kisha akawaambia, “Nitatoa. Na nyinyi mtatoa, wote wawili, siku hiyo hiyo.” Wakatazamana. Kipimo hakikufanyika. Nyumba iliuzwa, mtoto akatengewa fungu, na likizo alikuja kukaa kwa bibi.

Hata hivyo bado nina wasiwasi upande mmoja. Mabibi wa Argentina waliweka damu yao benki kwa kuwa walijua watakufa kabla ya wajukuu kuwafikia, na wengi wamekufa kweli. Huyu wa kwetu naye amekwisha kuzikwa. Yule msichana anakaribia kuwa mtu mzima, na akitaka kujua siku moja, kwa haja yake mwenyewe, waliobaki wa kuwaomba ni wale baba wadogo wawili.