Nusu ya Bibi Titi

Nadaiwa na mtoto wa miaka tisa. Deni lenyewe si la hela, ni la maneno. Nimeona nililipe hapa hadharani, kwa sababu nashuku kwamba wengi wetu tunaojikongoja na kalamu tunadaiwa deni hilohilo, ila bado hatujagongewa mlango.

Mambo yalianza hivi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko darasa la tatu. Amefika ule umri wa kusoma kila chenye herufi: mabango, maandishi ya nyuma ya daladala, hata kipande cha gazeti alichofungiwa maandazi. Jumamosi moja nilikuwa nampeleka Maktaba Kuu. Tukashuka Mnazi Mmoja, tukaanza kwenda kwa miguu. Njiani akaona kibao, akasimama, akakisoma silabi kwa silabi: Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mjomba, kumbe kuna bibi ana barabara yake?"

Jamani, ningeiachaje nafasi kama ile? Mimi naandika riwaya kwenye daftari la kaunta tangu nilipomaliza kidato cha nne, na msikilizaji wa bure hapatikani kila siku. Nikamwambia kwamba Bibi Titi alizaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1926. Kwamba shule aliishia darasa la nne. Kwamba alikuwa mwimbaji, sauti ya kuongoza katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilikuwa bado changa, na mgeni mmoja kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipouliza kuhusu wanawake wa chama, wakubwa wakaanza kuhangaika kuwatafuta. Ndipo alipofuatwa Titi. Hakuwa na shahada. Alichokuwa nacho ni sauti, na kufahamiana na viongozi wa vikundi vingine vya ngoma. Akawapitia mmoja mmoja. Akawapitia wauza maandazi na wapika pombe. Katika miezi michache wanawake 5,000 wakawa na kadi. Akapanda jukwaani pamoja na Mwalimu Nyerere, enzi ambazo mwanamke kuhutubia kadamnasi ya wanaume ilikuwa kituko. Uhuru ukaja Desemba 1961. Mwaka uliofuata ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na wa kwanza kuuongoza akawa yeye.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu wakampa barabara," nikajibu. Nikafunga hadithi.

Hapo ndipo penye deni langu.

Wiki haikuisha. Mtoto alikuwa ameshamtangaza Bibi Titi mtaa mzima, mpaka kijiwe cha kahawa alikotumwa kumwita babu yake. Huko mzee mmoja akacheka, akamwambia: "Huyo bibi yako si alifungwa jela huyo?" Basi. Jioni mpwa wangu akaja chumbani kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia kama kawaida yake.

"Mjomba, ulinidanganya. Bibi Titi alikuwa mwizi."

Nikamwambia hakuwa mwizi. Akasema: "Alifungwa." Kwake yeye hayo ni maneno mawili yenye maana moja. Akaondoka, nikabaki nimeduwaa na daftari langu.

Sasa swali ninalotaka tulijadili ni hili. Ukitaka kumjulisha mtoto, hasa mtoto wa kike, mwanamke shujaa katika historia, je, una haki ya kuishia pale panapokupendeza? Kusimulia nusu ni kudanganya, au ni kumhurumia mtoto?

Nililipeleka kwa rafiki yangu mmoja, mwandishi chipukizi mwenzangu, tunayesomeana miswada. Yeye hakupepesa. "Ulifanya sawa," akasema. "Watoto wa kiume wana mashujaa tele, wa kumwaga. Hawa wa kike tumewapa wangapi? Unao wanne watano, halafu huyohuyo mmoja unataka kumchafua? Mti mchanga hupewa kijiti cha kuegemea. Ukikua ndio uuambie kwamba kile kijiti kilikuwa na ufa."

Sikuidharau hoja yake, na siidharau mpaka leo. Ina huruma ndani yake, na ina hesabu za kweli pia. Lakini kila nilipoigeuza nilikuta inavuja mahali patatu.

Kwanza, ukweli haukungoji wewe. Mimi nilidhani nimeufunga, kumbe ulikuwa kijiweni unakunywa kahawa. Tofauti ni kwamba ulimfikia mtoto kwa kicheko cha mtu baki, bila mimi kuwapo kumsaidia kuubeba. Nilichokuwa nimeruka si jambo dogo. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa ubunge. Mwaka 1967 lilipokuja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, yeye alikuwa na nyumba, hakukubaliana nalo, akajiuzulu uongozi wa juu wa chama. Mwaka 1969 akakamatwa. Mwaka 1970 akapandishwa kizimbani kwa kosa la uhaini, kwamba alishiriki njama za kuipindua serikali ya yule Mwalimu aliyesimama naye majukwaani. Alikana. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais akamsamehe, akatoka. Ndoa ilishavunjika, na rafiki wengi wa siasa walishamkimbia. Aliishi karibu miaka thelathini mingine, akafariki Novemba 2000 huko Johannesburg alikopelekwa kutibiwa. Miaka yote hiyo mimi niliivuka kwa neno moja: halafu.

Pili, hebu tuwatazame hao mashujaa wa kiume waliojaa tele. Kinjekitile aliwapa watu maji akawaambia yatazuia risasi. Hayakuzuia. Yeye akanyongwa mwaka 1905, na vita vya Majimaji vikaendelea hadi 1907 na kuua watu wasiohesabika. Je, tumelificha kosa lake? Thubutu! Ebrahim Hussein aliandika tamthilia nzima juu ya mtu huyo na neno lake, ikachapwa mwaka 1969, na wanafunzi wamekuwa wakibishana juu yake madarasani: alikuwa mwongo, au alikuwa mwenye imani? Na baada ya mabishano yote anabaki shujaa. Maana yake mwanamume tumempa ruhusa ya kukosea na bado awe mkubwa. Mwanamke tunamtaka awe msafi kama kanzu ya Idi, la sivyo tunamfungia kabatini. Hiyo si heshima, ndugu zangu. Ni masharti.

Tatu, na hili ndilo lililonikera zaidi, shujaa asiye na doa hana faida kwa mtoto. Atamfuataje? Mtoto mwenyewe ana madoa. Anadesa hesabu, anamwonea wivu mwenzake, amevunja kikombe akasingizia paka. Ukimpa malaika atampenda, ila hatamwiga, kwa sababu yeye hana mbawa. Shaaban Robert alilijua hili alipoandika wasifu wa Siti binti Saad. Angeweza kuanza na sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, siku Siti alipokuwa tayari Siti. Lakini alituonyesha pia msichana wa Fumba, mtoto wa watu maskini, aliyebeba vyungu kuviuza mjini. Umaskini ule haukumpunguzia Siti kitu. Ndio uliotufanya tumwamini.

Rafiki yangu aliposikia hayo akaniuliza swali la mtego. "Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa utamweleza uhaini? Utamweleza talaka? Na aliyeteswa, na aliyebakwa vitani, nayo utasimulia wakati wa kulala?"

Hapana. Na hapa nataka nieleweke, nisije nikaonekana nawapigia debe watu wanaodhani ukweli ni wa kumwagia mtu kama maji ya baridi. Mama anayemtafunia mtoto nyama hajaificha nyama. Amempunguzia ugumu, lakini ladha ni ileile. Kuna kungoja na kuna kuficha. Anayengoja anaacha mlango wazi: "Yako mengine, magumu, nitakusimulia ukikua kidogo." Anayeficha anapaka chokaa pale mlango ulipokuwa, ili mtoto adhani ni ukuta. Mimi niliposema "halafu wakampa barabara" sikungoja. Nilipaka chokaa.

Basi nikaamua kulipa. Jumapili jioni umeme ulikuwa umekatika, tukakaa nje kwenye mkeka, mimi na mpwa wangu, mama yake akimenya vitunguu vya biashara ya kesho. Nikaanza upya, safari hii bila kuruka. Nikamwambia Bibi Titi alibishana na wenzake juu ya nyumba. "Kwa hiyo alipenda hela?" akauliza. Nikamwambia alikuwa na nyumba zake na hakutaka kunyang'anywa haki ya kuzipangisha, na wenzake waliona kiongozi hapaswi kuwa nazo, na watu wazuri wanaweza kugombana juu ya jambo kama hilo. Nikamwambia mahakama ilisema alifanya njama, yeye akasema hakufanya, na wazee wa kijiweni hawajakubaliana mpaka leo. Nikamwambia alifungwa, kisha akaachiwa.

Nikasubiri aniulize kama alikuwa na hatia. Hakuuliza. Alikaa kimya akichorachora mchangani, halafu akasema polepole:

"Na yeye walimmwagia masufuria?"

Kisu cha dada kikasimama kwenye kitunguu.

Lazima niwaeleze. Mwaka jana dada yangu, ambaye ni mama lishe, alikamatwa na akina mama wenzake kando ya barabara wanakouzia. Chakula kikamwagwa, masufuria yakabebwa, wao wakalala ndani usiku mmoja. Sisi nyumbani tulikubaliana kumwambia mtoto kwamba mama amelala kwenye msiba. Tulijisifu kwamba tumemlinda. Kumbe watoto wa jirani walishamwambia siku ileile. Mwaka mzima alikuwa anatembea na hesabu yake peke yake: anayefungwa ni mwizi, na mama alifungwa. Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani, wakati sote tulikuwa tumepaka chokaa?

Na mimi, katikati ya hesabu hiyo, nikamletea shujaa msafi asiyewahi kuguswa na askari. Nilidhani nampa kijiti cha kuegemea. Kumbe nilikuwa namwonyesha jinsi mama yake alivyo mbali na wanawake wenye barabara.

Dada aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye khanga. Akamwambia binti yake njoo. Akamsimulia mwenyewe, bila kuremba: gari lilivyokuja, nani alikimbia na nani hakuweza kwa sababu ya mimba, walivyokaa sakafuni wakipeana zamu ya kulala, na mama mmoja mtu mzima aliyeanzisha wimbo wa unyago humo ndani mpaka wakacheka wote. Mtoto akauliza: "Mlikuwa mnaimba?" Akaambiwa ndiyo. Akauliza wimbo gani. Dada akaniangalia mimi, akasema huo ni wa wanawake, mjomba aende akalete maji.

Nikaenda kuleta maji.

Wenzangu tunaotamani kuandika vitabu, sisi ndio tutakaowaandikia watoto hawa. Naona dalili kwamba tutaandika sana juu ya wanawake mashujaa, na ni jambo jema, limechelewa. Mekatilili wa Menza aliyewaapisha Wagiriama wasitii Waingereza mwaka 1913, akapelekwa mbali kule Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Siti na vyungu vyake. Titi na Bomba yake. Ombi langu ni dogo. Tusiwatoe watu hawa kwenye mkeka tukawaweka juu ya kabati. Tuandike walivyoanza wakiwa si kitu, tuandike walipokosea, au walipodaiwa kukosea, na tumwachie mtoto kazi ya kupima. Mtoto anaweza kupima. Kwa siri alikuwa anapima muda wote, ila mizani tulimpa mbovu.

Rafiki yangu bado hajakubali. Anasema kisa cha mpwa wangu ni kimoja, na kisa kimoja hakitungi sheria. Huenda. Anasema nimesahau kwamba wako watoto ambao kijiti chenye ufa kitawavunjikia. Nalo nalifikiria usiku. Mwenye hoja ya kunipinga aandike, kurasa za jarida hili ziko wazi na mimi si mtu wa kununa.

Ila mpwa wangu Jumamosi iliyofuata tulipita tena pale kwenye kile kibao. Hakukisoma silabi kwa silabi, ameshakizoea. Alikigusa nguzo yake tu, kama unavyomgusa bega mtu unayemfahamu, tukavuka barabara kwenda Maktaba.