Aliyeshika Waya

Kwa majuma matatu mfululizo, kila Jumapili asubuhi nilipokuwa nikishuka kutoka upande wa reli kuingia vichochoro vya Gatwekera, hapa Kibera, nilimkuta binti wa umri wa miaka tisa hivi amesimama nje ya chumba cha nyanya yake, mgongo ameuegemeza ukutani, mkono wa kulia ameuinua hadi kwenye ukingo wa bati, na kiganjani amefumbata ncha ya waya mwekundu uliotoka ndani kwa upenyo wa dirisha. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Jumapili ya nne nikauliza, nikaambiwa kwamba nyanya yake, ambaye magoti hayamfikishi tena kanisani, husikiliza misa katika Radio Waumini, ile idhaa ya Kanisa Katoliki iliyofunguliwa mwaka 2003, na kwamba redio yao haisemi sawasawa ila mtu aushike waya. Misa ikichukua saa moja na nusu, binti husimama saa moja na nusu. Mkono ukimlemea akaushusha, mvumo kama wa mchele unaopepetwa hupanda ukamfunika padri, na ajuza huita kutoka ndani kwa upole, "Inua kidogo, mama," na sauti hurudi.

Swali lililonikaa moyoni tangu siku ile, wala sikulipata msikitini wala kanisani, ni hili: baina ya wawili wale, ni nani aliyesali? Ajuza alisikia masomo, akaitikia, akapiga ishara ya msalaba mahali pake. Binti, kwa sababu ya muziki wa majirani na watu wenye mitungi ya maji wanaoomba njia, hakusikia ila vipande viwili vitatu visivyoungana. Maneno matakatifu yalimpitia yeye kwanza, katika mifupa na damu yake, yakaenda kufahamika kwa mwingine.

Yafaa nieleze kwanza waya ule ulikuwa ukifanya kazi gani, maana katika jambo hili hikima haitengani na ufundi. Redio yenyewe ni tuna ya stereo iliyonunuliwa soko la Toi, ya zile za miaka ya sabini, nzito, yenye uso wa rangi ya fedha na sindano inayotembea juu ya namba. Redio ndogo ya mkononi huwa na fimbo yake ya kuvuta. Tuna hizi kubwa hazina, kwa kuwa waliozitengeneza walidhani kila nyumba itakayoinunua ina antena yake juu ya paa. Nyuma yake mna skrubu tu, mbili zimeandikwa 300 na nyingine 75, zinazongoja mtu azifungie kitu. Muuzaji hakuwa na kitu hicho, na ajuza akafunga kipande cha waya alichokuwa nacho. Basi fikiri: wimbi la Radio Waumini, katika namba yake ya 88.3, hutetema mara milioni 88.3 kwa sekunde, na kwa kuwa mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa sekunde hiyo hiyo, urefu wa wimbi moja ni mita 3.4. Wimbi la namna hiyo haliwezi kulipenya bati. Huingia kwa dirisha, kwa mlango na kwa ukuta wa udongo, likiwa limekwisha nyongea. Waya mfupi uliolala chini ya paa la mabati ni kama mtu aliye kisimani anayeulizwa habari za barabarani. Lakini mwili wa mwanadamu, kwa maji na chumvi iliyomo, hupitisha umeme. Mtoto aliposhika ncha ya waya nje ya bati, alikuwa ndiye waya uliobaki.

Nilimsimulia habari hii fundi mmoja wa redio kule Makina, mzee wa Kinubi ambaye wazee wake waliwekwa Kibera baada ya kutumika katika jeshi la King's African Rifles, na mtu mwenye elimu ya dini yake. Alinisikiliza huku akilehemu, kisha akasema, "Waya hauongezi kitu, mzee wangu. Hauna betri, hauna stima. Usiupe sifa isiyo yake. Na baina ya mja na Mola wake hapana wasita." Katika fani yake alisema kweli tupu. Antena rahisi haikuzi sauti hata kidogo. Nguvu yote hutoka kwenye mnara, na uchaguzi na ufasiri wote hufanyika ndani ya tuna. Waya huwapo tu, mahali panapofaa na kwa urefu unaofaa. Katika dini yake pia alisema neno ambalo mimi sina ruhusa ya kulibishia, kwa sababu nimeona madhara ya watu waliojisimamisha katikati wakatoza ushuru.

Walakini nadhani neno wasita limebeba maana mbili ambazo haifai kuzichanganya. Yuko anayesimama katikati kama mlango, ambaye bila idhini yake huingii. Na yuko anayesimama katikati kama kizingiti, ambacho hukanyagwa na hakina la kusema juu ya anayepita. Katika Biblia mna kisa cha mtoto Samweli, aliyelala hekaluni akasikia akiitwa kwa jina, akaamka mara tatu akamkimbilia Eli kuhani, akidhani ndiye aliyemwita. Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya Samweli. Mimi kila nikisoma humtazama Eli. Alikuwa mzee, macho yake yamefifia, watoto wake wameharibika, na usiku ule sauti haikumjia yeye. Hakusikia neno hata moja. Lakini yeye ndiye aliyetambua kwamba mtoto anaitwa na nani, akamfundisha jinsi ya kuitika, akamrudisha kitandani pake, kisha akabaki gizani akingoja asubuhi ili aambiwe. Na aliyoambiwa yalikuwa hukumu ya nyumba yake mwenyewe. Kama kusikia ndiko kipimo cha ibada, Eli usiku ule hakuabudu. Nami siwezi kuamini hivyo.

Hapa ufundi wa antena una somo ambalo sikulijua mpaka fundi yule aliponionyesha. Waya wa duara wa televisheni, ule mweusi mnene, hupimwa omu 75. Skrubu za tuna ile zilizokuwa nzima zilitaka omu 300. Ukiufunga waya ule moja kwa moja, zaidi ya theluthi moja ya nguvu hugonga pale kwenye kiungo ikarudi ilikotoka, si kwa kuwa waya mbaya wala tuna mbovu, bali kwa kuwa havilingani. Huwekwa baina yao kitransfoma kidogo kama tonge la ugali, chenye upande mmoja wa 75 na upande mwingine wa 300, na maadamu kinafanana na kila upande kwa upande wake, sauti hupita asijue msikilizaji kwamba kipo. Wasita aliye mwema ni huyo. Hujulikana kwa kutosikika. Mhubiri ambaye waumini hutoka wakisimulia habari za sauti yake na suti yake, sina budi kusema, kuna kitu kinachorudi nyuma pale kiungoni.

Tena kusikia ni mahali. Jambo hili la masafa ya FM hunishangaza kila nikilikumbuka: katika namba moja, 99.9, mtu aliye Gatwekera hupata Pamoja FM, idhaa ya Kibera hii hii. Aliye Kawangware hupata Mtaani Radio. Aliye Korogocho hupata Koch FM. Ni idhaa za nguvu ndogo, na tuna ya FM ina tabia ya kushika iliyo na nguvu zaidi mahali ilipo na kuinyamazisha iliyo dhaifu, hata usiijue kwamba iko hewani. Mtu anayeapa kwamba amesikia alivyosikia, na mwenzake anayeapa kinyume chake, huenda wote wawili hawasemi uwongo. Wamesimama mbali tu. Mara nyingi nimesikia ndugu wa dini mbili wakibishana kwa hasira katika mtaa huu, nikatamani kwanza waulizane kila mmoja yuko wapi.

Kwa hiyo jibu langu, baada ya kulipima kwa miezi, ni kwamba binti alisali. Najua atakayesema kwamba mtoto hana taklifu na kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na nia yake yamkini ilikuwa kamba anayoruka mwenzake pale njiani. Ndiyo, aliitazama kamba ile, nilimwona. Lakini mkono hakuushusha ila kwa kuchoka, na alipoitwa aliuinua. Sijui nia iliyo safi kuliko hiyo.

Nilipokwisha kulifikia jibu hilo nilifurahi nalo, na furaha yangu ndiyo iliyonitia aibu. Kwani nilikuwa nimekaa miezi nikitafuta thawabu ya mtoto aliyesimama juani, ilhali dawa ya kusimama kwake niliijua tangu siku ile ya Makina. Ziko jamii zinazowasifu sana wabebaji wao ili zisipunguze mzigo. Kumwita mtoto mtakatifu kwa kazi ambayo misumari minne yaweza kuifanya ni kumnyima haki yake ya kuingia ndani akasikia mwenyewe.

Nilinunua waya bapa wa televisheni, ule wenye nyuzi mbili sambamba. Nilikata kipande cha mita 1.6, yaani nusu ya wimbi ikipunguzwa kidogo, nikaziunga nyuzi zake pamoja katika kila ncha, nikakata uzi mmoja katikati, na pale katikati nikaunga kipande kingine cha waya huo huo kinachoteremka, umbo likawa la herufi T. Tuliupigilia juu ya ubao, ubao tukauinua nje, mbali na bati kadiri nguzo ilivyoruhusu. Waya wa namna hii hausikii pande zote sawa. Husikia ubavuni, na kwenye ncha zake mbili ni kiziwi. Tuliuzungusha polepole, binti akiwa ndani mbele ya tuna akitupigia kelele za "bado" na "karibu", mpaka taa ndogo nyekundu ya stereo ikawaka ikatulia.

Jumapili iliyofuata nilipopita, ukutani hapakuwa na mtu. Nikachungulia. Ajuza alikuwa kwenye kiti chake, rozari mapajani, na binti amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, karibu sana na spika, amenyamaza kama watoto wanyamazavyo mbele ya kitu kipya. Somo la kwanza lilikuwa linasomwa. Aliponiona alinyanyuka akaja mlangoni, akatazama juu kwenye ubao, kisha akanitazama mimi.

"Mzee," akauliza kwa sauti ya chini, "sasa ni nani ameshika?"